Kimathi kwenye karatasi ya manila

Dadangu ameolewa Kiganjo, pale Thika, na kila nikipanda kumtembelea watoto wake huningoja kwa ajili ya halua. Safari hii halua ilisahaulika. Walikuwa wametandaza karatasi ya manila sakafuni, wao na wenzao wa ploti, wamepaka Nyandarua na Mlima Kenya rangi ya kijani. Mwalimu amewataka waonyeshe mapigano makubwa ya Mau Mau. Mpwa wangu akataka nimwambie Kimathi alishinda pigano lipi, ili achore bunduki hapo.

Diploma yangu si ya historia, lakini mjomba hakatai. Nikaketi chini.

Nilianza na kuzaliwa. Dedan Kimathi alizaliwa 1920 Tetu, Nyeri, akasomea Karuna-ini kisha Tumutumu kwa wamishonari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliingia jeshini, hakudumu. Alifanya vibarua vya kila aina, akafundisha shule kwa muda, na kufikia 1952 alikuwa katibu wa chama cha KAU huko Ol Kalou na Thomson's Falls, mji tunaouita Nyahururu leo. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo Gavana Baring akatangaza hali ya hatari. Kimathi akaingia msituni.

Sasa tukafika kwenye bunduki. Pigano linalosimuliwa kuliko yote ni la Naivasha, usiku wa 26 Machi 1953. Wapiganaji walivamia kituo cha polisi, wakabeba silaha na kuwafungua mahabusu zaidi ya 170. Lakini aliyeongoza alikuwa Mbaria Kaniu, si Kimathi. Mpwa wangu alininunia kama kwamba mimi ndiye niliyempokonya shujaa wake.

Na usiku uleule, ndugu msomaji, kulikuwa na Lari. Lari iko kaunti hii hii ya Kiambu. Nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali zilichomwa, wakafa zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Kisha askari na walinzi wa serikali wakalipiza kisasi, wakaua wengi zaidi. Nilisita kulitaja. Chumbani mlikuwa na watoto wa nyumba tano, na mama jirani aliyekuja kuomba sukari alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nikalitaja, pande zote mbili. Yule mama akasema kwao babu mmoja alikuwa msituni na nduguye alikuwa homugadi, na mpaka leo shamba lao halijagawanywa wakaelewana. Akachukua sukari yake akaenda.

Baada ya hapo watoto waliuliza maswali bora. Kama Kimathi hakuongoza Naivasha, basi alifanya nini? Nikawaambia alikuwa mtu wa karatasi. Mwaka 1953 aliunda Baraza la Ulinzi la Kenya, baadaye bunge la msituni. Alitoa vyeo, aliandika barua na amri, alitaka kila kambi iweke kumbukumbu ya wapiganaji wake. Mwenzake Stanley Mathenge, ambaye hakusoma, alichoka na utawala wa wenye kalamu, wakatengana. Mimi naona Kimathi alikosea kutovumilia wapinzani wake, tena alikuwa mkali kwa watu wake mwenyewe. Lakini bila kalamu yake msitu ungekuwa makundi tu.

Kilichowamaliza hakikuwa pigano moja. Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa na maelfu kwa maelfu wakakamatwa. Hapo ndipo hadithi inashuka kwetu Pwani: Manyani, Mackinnon Road, kisiwa cha Manda, baadaye Hola, ambako wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo Machi 1959. Sote tunaosafiri kwa basi tumeshuka Mackinnon Road tukaswali kwenye ule msikiti kando ya reli, na ni wangapi wetu tunajua kwamba palikuwa na kambi? Huku bara vijiji vilizungushiwa waya na wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu, chakula kisipite. Mpwa wangu alilichora handaki kwa kalamu nyekundu, na kwa kweli ndilo lililokuwa bora kuliko vyote kwenye ile karatasi.

Tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja tangu hali ya hatari, askari Ndirangu, Mkikuyu mwenzake, alimpiga Kimathi risasi ya mguu pembezoni mwa msitu. Alishtakiwa Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu O'Connor, kwa kupatikana na bastola. Si kwa kuua mtu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akiwa na miaka 36, akazikwa humo humo bila alama. Sanamu alijengewa Nairobi mwaka 2007. Kaburi mjane wake Mukami aliliomba mpaka alipofariki 2023.

Kamiti ni huku chini, ukipita Ruiru. Watoto walishangaa kwamba ni karibu hivyo. Walidhani yote yalitokea mbali, Nyeri. Wakaongeza kipande cha karatasi kwa gundi ili Kamiti itoshee, na mpwa wangu akauliza achore wapi kaburi. Akaacha duara tupu, akaenda kunawa mikono, nami nikatoa halua.