Padre Jozef Murgaš: Paroko wa Sauti Mbili

Wanaredio wengi wa hiari siku hizi huiachia kompyuta kazi ya kubadili masafa na kupiga herufi hewani. Tukifuatilia asili ya jambo hilo tunamkuta padre wa parokia.

Jozef Murgaš alizaliwa tarehe 17 Februari 1864 katika kijiji cha Tajov, Slovakia, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Hungaria. Alipata daraja ya upadre mwaka 1888. Kwanza alikuwa mchoraji, na alisomea sanaa hiyo Budapest na Munich. Mwaka 1896 alivuka bahari hadi Marekani, akakabidhiwa Waslovakia wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, mji wa wachimba makaa ya mawe. Huko nafasi ya kuchora ilikuwa haba, akageukia umeme.

Wakati ule simu ya upepo ilitumia nukta na vistari vya Morse. Kistari huchukua muda mara tatu ya nukta, na muda huo ndio unaochelewesha ujumbe. Tena, radi zinaponguruma, masikio hushindwa kupambanua kipi kirefu na kipi kifupi. Padre Murgaš aliliona suala hili kwa namna ambayo sisi wanafunzi wa falsafa tunaipenda: si lazima alama zitofautiane kwa urefu, zinaweza kutofautiana kwa sauti. Basi nukta ikapewa sauti yake na kistari sauti yake, moja nene na nyingine nyembamba, zote fupi. Hataza zake mbili zilitolewa Marekani tarehe 10 Mei 1904. Redio za leo zinazoandika maandishi hewani kwa toni mbili zinafuata njia hiyohiyo.

Tarehe 23 Novemba 1905, mbele ya wageni, ujumbe ulitoka Wilkes-Barre ukapokelewa Scranton, mwendo wa kilomita 30 hivi. Baadaye dhoruba iliangusha milingoti, na kampuni iliyomfadhili haikuinuka tena. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia vitani, serikali ilifunga vituo vya redio vya watu binafsi.

Je, aliwaibia waumini muda wao? Swali hilo tunaulizana hata hapa seminarini, na si la kupuuzwa, maana mitambo hula usiku mzima. Kwetu sisi, jibu liko katika kazi zake: aliwajengea wachimba makaa kanisa jipya, na mwaka 1918 alitia sahihi Mkataba wa Pittsburgh, uliohusu Wacheki na Waslovakia kuwa na nchi moja. (Alipata nafasi hata ya kukusanya vipepeo!)

Mwaka 1920 alirudi Slovakia akitaka kufundisha mambo ya umeme. Kibali hakikutolewa. Baada ya miezi michache alirejea kwa waumini wake wa Wilkes-Barre, akabaki nao mpaka alipofariki dunia tarehe 11 Mei 1929.