Tabibu wa Karema

Familia nyingi za Katumba na Mishamo zajua, pasipo kufundishwa na gazeti, ni nini kuacha nyumba na mavuno na kuvuka mpaka na watoto mgongoni. Zilikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, zikapewa mashamba katika misitu ya Mpanda, na mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu wakapokea uraia wa Tanzania. Lakini hao hawakuwa wa kwanza kuletwa na msiba katika nchi ile. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu mmoja aliyewatangulia, marehemu Adrian Atiman, tabibu na katekista wa Karema.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Angali mtoto mdogo, Watuareg walimwiba, wakamchukua kuvuka jangwa la Sahara, akauzwa kama mbuzi anavyouzwa. Mwaka 1876, huko Algeria, wamisionari wa Kardinali Lavigerie, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha. Walikuwako watu siku zile waliolaumu desturi hiyo, wakidai ya kuwa anayelipa ukombozi humnenepesha mwizi. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, nasi hatuidharau. Ila mtoto aliyekwisha kufikishwa sokoni hawezi kungoja hata wakubwa wamalize kubishana.

Lavigerie alikuwa na shauri lake. Alitaka Waafrika wafundishwe uganga wa kisasa, kisha waishi katikati ya Waafrika wenzao kama walei, wakioa na kulea watoto, huku wakitibu na kufundisha dini. Kwa hiyo akafungua chuo kisiwani Malta mwaka 1881, na Atiman akawa mmoja wa wanafunzi wake. Alimaliza mwaka 1888, mwaka uleule ambao Baba Mtakatifu Leo XIII aliwaandikia Maaskofu wa Brazili kuupinga utumwa, na Lavigerie akazunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri juu ya jambo hilo.

Ndipo kijana huyu akatumwa, si kwao Niger, bali upande wa pili kabisa wa Afrika. Hapa twakiri kwamba huwa tunasita kila tusomapo habari zake. Mtu aliyenyang'anywa mama yake akiwa mtoto, hata alipokuwa huru na mwenye elimu, njia yake haikuelekezwa nyumbani. Alikwenda hata hivyo, naye hakurudi kuishi kwao maisha yake yote.

Alifika Karema mwaka 1889. Ngome iliyokuwapo ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakaiachia misheni mwaka 1885. Nyakati zilikuwa mbaya. Baada ya kufa kwa Mirambo mwaka 1884 makundi ya rugaruga yalitangatanga bila bwana, na ng'ambo ya ziwa watu wa Rumaliza wa Ujiji walizisumbua misheni, hata Kapteni Joubert akalazimika kuzilinda kwa bunduki. Basi waliokusanyika Karema walikuwa watoto waliokombolewa na watu waliofukuzwa vijijini mwao, wengi wao bila baba, bila mjomba, bila mtu wa kuwatolea mahari wala wa kuwazika. Katikati ya hao Atiman hakuwa mgeni hata kidogo. Lugha zao hakuzijua, lakini jeraha lao alilijua.

Mwaka huohuo alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Msomaji atafakari maana yake kwa desturi zetu: mtu asiye na ukoo alipata wakwe na mashemeji, na watoto wake wakapata wajomba wa kuwatambua. Mwanawe Joseph akawa padre.

Kazi yake ilidumu miaka 67. Alitibu chini ya bendera ya Wajerumani. Vita vikafika ziwani, meli zikapigana humo miaka ya 1915 na 1916. Wabelgiji wakaja, kisha Waingereza, naye yungali anapokea wagonjwa. Mwaka 1946 simulizi ya maisha yake kwa maneno yake mwenyewe ilichapishwa katika Tanganyika Notes and Records. Alipewa nishani katika uzee wake, jambo jema, ingawa zilichelewa.

Alifariki Karema mwaka 1956, umri wake ukiwa kama miaka 90. Nyumba ya Wamisionari wa Afrika mjini Dar es Salaam yaitwa Atiman House, na wengi wapitao mlangoni pake hudhani ni jina la Mzungu.