Athanasius: Askofu wa bandari aliyetuhumiwa kutaka kuzuia meli za ngano

Mwishoni mwa mwaka 335, Askofu Athanasius wa Alexandria alianza safari ndefu ya kwenda uhamishoni Trier, mji ambao leo uko Ujerumani. Tuhuma iliyomfikisha huko haikuhusu imani. Wapinzani wake walimweleza Kaisari Constantine kwamba askofu huyo ametishia kuzuia meli zinazobeba ngano kutoka bandari ya Alexandria kwenda Constantinople, ambayo leo ni Istanbul nchini Uturuki.

Kwa Kaisari, hilo halikuwa jambo la kuchezea. Mji wake mpya, alioufungua rasmi mwaka 330, ulilishwa na ngano ya Misri. Shehena ikichelewa, mkate unaadimika, na mkate ukiadimika watu wanaingia barabarani. Athanasius alijitetea kwamba yeye ni mtu maskini asiye na cheo serikalini, hivyo hana uwezo wa kusimamisha meli. Eusebius, askofu wa Nicomedia, akaapa kwamba mwenzake ni tajiri na ana nguvu ya kufanya lolote alitakalo. Kaisari hakutaka kusikia zaidi.

Nyuma ya tuhuma hiyo ya biashara kulikuwa na ugomvi mwingine, ambao ulikuwa umeshadumu kwa zaidi ya miaka 15: Yesu Kristo ni nani mbele ya Mungu Baba? Jibu la swali hilo ndilo lililomfanya Athanasius afukuzwe kwenye kiti chake mara tano, na makaisari wanne tofauti.

Neno lililogawa mji

Athanasius alizaliwa kati ya mwaka 296 na 298, na alikulia Alexandria, wakati huo mmoja wa miji mikubwa kabisa katika dola ya Roma. Ngano, kitani, vyombo vya kioo na karatasi za mafunjo zilitoka hapo kwenda pande zote za Mediterania. Mizigo ya India na Uarabuni ilipanda kwa Bahari ya Shamu, ikavushwa jangwani hadi Mto Nile, kisha ikateremka kwa maji mpaka bandarini. Wagiriki, Wamisri, Wayahudi na wageni wa kila lugha walifanya kazi katika mitaa ileile.

Karibu na mwaka 318, padri mmoja wa mji huo aitwaye Arius alianza kufundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa na Baba kabla ya vitu vyote. Ni mkuu kuliko viumbe vyote, alisema, lakini ana mwanzo, na Baba peke yake ndiye asiye na mwanzo. Askofu wake, Alexander, alipinga na kufundisha kwamba Mwana ni wa milele kama Baba. Arius alikuwa hodari wa kueneza hoja. Inasimuliwa kwamba alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, hivyo mafundisho yake yakasafiri pamoja na mizigo.

Constantine, aliyetaka dola yake itulie, aliwaita maaskofu Nicaea, leo mji wa Iznik nchini Uturuki, mwaka 325. Athanasius alikwenda akiwa shemasi na msaidizi wa Alexander. Mkutano uliamua kwamba Mwana ni homoousios na Baba, neno la Kigiriki lenye maana ya kuwa wa asili moja. Arius alikataa kukubali, akapelekwa uhamishoni.

Lakini uamuzi wa Nicaea haukufunga kesi. Maaskofu wengi wa mashariki waliliona neno hilo geni, kwa kuwa halimo katika Biblia. Baadaye baadhi yao walipendekeza homoiousios, yaani mwenye asili inayofanana. Tofauti kwa maandishi ni herufi moja tu. Mfanyabiashara anayejua umbali uliopo kati ya bidhaa halisi na bidhaa inayofanana nayo anaweza kuelewa kwa nini herufi hiyo ilizua vita. Hoja ya Athanasius ilikuwa kwamba kiumbe hawezi kumwokoa kiumbe mwenzake. Kama Kristo naye ameumbwa, ahadi yote ya wokovu haina mwenye kuilipa.

Mashitaka yasiyokwisha

Alexander alifariki mwaka 328, na Athanasius akachaguliwa kushika nafasi yake. Alikuwa na umri wa miaka 30 au karibu na hapo. Wapinzani walidai hajatimiza umri unaotakiwa.

Nyumbani Misri alikuta mpasuko mwingine. Kundi la wafuasi wa Askofu Melitius lilikuwa limejitenga tangu wakati wa mateso ya Wakristo mwanzoni mwa karne hiyo, likilalamika kwamba Kanisa linawasamehe upesi mno walioikana imani. Kundi hilo na wafuasi wa Arius walijikuta upande mmoja dhidi ya askofu mpya.

Mashitaka yakamiminika. Ilidaiwa kwamba ametoza Wamisri kodi ya nguo za kitani bila idhini, na kwamba amemtumia sanduku la dhahabu mtu aliyeshukiwa kutaka kumpindua Kaisari. Ikadaiwa pia kwamba msaidizi wake amevunja kikombe kitakatifu katika kijiji kimoja nje ya Alexandria. Zito kuliko yote lilikuwa dai kwamba amemuua askofu mmoja aitwaye Arsenius na kumkata mkono ili autumie kwa uchawi. Mkono mkavu ulitembezwa kama ushahidi.

Arsenius alikuwa hai. Watu wa Athanasius walimsaka hadi wakamkuta amejificha Tyre, mji wa pwani ya Lebanon ya leo. Waandishi wa historia ya Kanisa wanasimulia kwamba maaskofu walipokutana Tyre mwaka 335 kumhukumu Athanasius, alimwingiza Arsenius akiwa amefunikwa joho. Akalifunua upande mmoja, mkono ukaonekana. Akalifunua upande wa pili, mkono mwingine ukaonekana. Kisha akawataka washitaki waeleze mkono wa tatu ulikatwa kutoka wapi.

Hata hivyo mkutano haukumwachia. Ulituma tume kuchunguza suala la kikombe, ikiwa imejaa watu waliokuwa dhidi yake. Athanasius aliona hukumu imeshaandikwa. Akatoroka kwa mashua, akafika Constantinople na kumsimamisha Kaisari njiani akiwa juu ya farasi ili aombe kusikilizwa upya. Hapo ndipo tuhuma ya ngano ilipotolewa, na kesi ikageuka.

Athanasius naye hakuwa malaika. Barua ya mafunjo ya mwaka 335, iliyopatikana Misri na kuchapishwa mwaka 1924, inaeleza jinsi wafuasi wake walivyowapiga na kuwafungia wafuasi wa Melitius. Iliandikwa na mtu wa upande wa pili, lakini kwa wenzake, si kwa mahakama. Inaonyesha kwamba katika mitaa ya Alexandria pande zote mbili zilitumia ngumi pamoja na hoja.

Kuingia na kutoka

Constantine alifariki Mei 337, na Novemba mwaka huo Athanasius akarudi nyumbani. Hakukaa. Mwaka 339 Kaisari mpya wa mashariki, Constantius, mwana wa Constantine, aliyewasikiliza zaidi wapinzani wa Nicaea, alimweka askofu mwingine kwa nguvu ya askari. Athanasius alikimbilia Roma, ambako Askofu Julius alimpokea na kumtangaza kuwa hana hatia. Alirejea mwaka 346, na inaelezwa kwamba watu walitoka nje ya mji kwa wingi kumlaki. Ilifuata miaka tisa hivi ya utulivu, muda mrefu kuliko mwingine wowote aliopata.

Usiku wa Februari 8 mwaka 356, askari walilizingira kanisa la Theonas mjini Alexandria wakati waumini wakiwa katika ibada. Milango ikavunjwa, watu wakafa. Mapadri na watawa walimvuta Athanasius katikati ya msongamano na kumtoa nje. Kwa miaka sita serikali ilimtafuta bila kumpata. Alijificha kwa watawa wa jangwani, akihama kila wapelelezi walipokaribia, huku barua zake zikipita mkono kwa mkono. Katika maficho hayo aliandika maisha ya Antony, mtawa wa Misri, kitabu kilichotafsiriwa kwa Kilatini na kusaidia kueneza utawa Ulaya.

Kiti chake kilipewa George wa Cappadocia, mtu ambaye wafanyabiashara wa Alexandria walikuwa na sababu zao za kumchukia. Kabla ya kuwa askofu alikuwa na tenda ya kusambaza nyama ya nguruwe kwa jeshi, na alishutumiwa kula fedha zake. Mwandishi Epiphanius anaeleza kwamba alipofika Alexandria alijitwalia ukiritimba wa magadi, mabwawa ya chumvi, mafunjo na matete, na hata majeneza, ili maiti isizikwe bila yeye kupata chake. Constantius alipofariki, umati wa watu ulimvamia na kumuua mwezi Desemba 361.

Kaisari Julian, ambaye alikuwa ameuacha Ukristo, aliruhusu maaskofu wote waliohamishwa warudi. Athanasius alirejea Februari 362, na Oktoba akaamriwa kuondoka tena. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akikimbia kwa mashua katika Mto Nile, aliona wanaomfuata wanakaribia, akaagiza mashua yake igeuzwe na kuwaelekea. Walipouliza kama Athanasius ameonekana, wakajibiwa kwamba hayuko mbali, wakazane tu. Wakapiga makasia kwa nguvu, wakampita. Julian alikufa vitani mwaka 363. Kaisari Valens alimfukuza kwa mara ya tano mwaka 365, lakini miezi michache baadaye akamruhusu arudi. Kwa jumla, miaka 17 hivi kati ya 45 ya uaskofu wake aliitumia nje ya kiti chake.

Mwaka huo wa 362, katika miezi michache aliyokuwa huru, Athanasius alifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia kwa mtu mgumu kama yeye. Wakristo walikuwa wakigombana kama katika Mungu kuna hypostasis moja au tatu. Waliotumia Kilatini walilisikia neno hilo kama asili, hivyo wakadhani wenzao wanahubiri miungu watatu. Wagiriki wengi walimaanisha Nafsi. Katika mkutano wa Alexandria, Athanasius aliwauliza kila upande wana maana gani, akagundua kwamba wanakubaliana na kilichowatenganisha ni tafsiri. Hapo hakumlazimisha mtu kubadili neno.

Njia ya Aksum

Kwa Afrika, uamuzi wake uliodumu zaidi ulianzia katika msafara wa majini. Mwandishi Rufinus anaeleza kwamba vijana wawili wa Tyre, Frumentius na Aedesius, walikuwa katika meli iliyovamiwa ilipotia nanga pwani ya Bahari ya Shamu. Wao waliachwa hai, wakapelekwa kwa mfalme wa Aksum, kaskazini mwa Ethiopia ya leo. Dola hiyo iliuza pembe za ndovu na bidhaa nyingine kupitia bandari ya Adulis, iliyoko Eritrea ya sasa, na ilikuwa na sarafu zake.

Frumentius alipanda hadi kuwa mtunza hesabu na nyaraka za mfalme. Mfalme alipofariki, alisaidia kuongoza nchi wakati mrithi akiwa mdogo. Aliwatafuta wafanyabiashara Wakristo waliofika kutoka dola ya Roma, akawapa nafasi ya kukusanyika na kusali. Jumuiya ya kwanza ya Wakristo huko, kwa mujibu wa Rufinus, ilijengwa juu ya watu hao wa biashara. Kisha alikwenda Alexandria kumwomba Athanasius awapatie askofu. Athanasius aliona hakuna anayefaa kuliko mleta ombi mwenyewe, akamweka wakfu na kumrudisha.

Ugomvi wa Utatu ulifika hadi huko. Athanasius alipokuwa mafichoni, Constantius aliandika barua kwa watawala wa Aksum, Ezana na Sazana, akitaka Frumentius arudishwe Misri ili achunguzwe na George. Athanasius aliitunza nakala ya barua hiyo katika utetezi wake. Sarafu za Ezana, ambazo mwanzoni zilikuwa na alama ya mwezi mwandamo, baadaye zilichongwa msalaba, na zilipita mikononi mwa wachuuzi hata wasiojua neno la Kigiriki.

Utaratibu ulioanza siku hiyo uliendelea kwa karibu miaka 1600: mkuu wa Kanisa la Ethiopia alitoka Alexandria. Ni mwaka 1959 tu ndipo Ethiopia ilipopata patriaki wake yenyewe.

Athanasius alifariki Mei 2 mwaka 373, akiwa katika mji wake, bila askari mlangoni. Miaka sita kabla, katika barua yake ya kila mwaka ya kutangaza tarehe ya Pasaka, alikuwa ameorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, orodha ya kwanza inayojulikana kufanana kabisa na ile inayotumika leo. Mwaka 381, maaskofu waliokutana Constantinople walithibitisha imani ya Nicaea, na neno alilolitetea likabaki. Meli za ngano nazo ziliendelea kung'oa nanga Alexandria kila msimu.