MAISHA YA VAUQUELIN, MTOTO WA SHAMBA MWENYE ALIFUNGUA SIRI YA RANGI NDANI YA MAWE



Kila mtu wa Katanga anajua malakiti, lile jiwe la rangi ya majani lenye kutoka mu migodi ya shaba. Sisi wa seksio ya Bio-Shimi tulizani kwamba kila jiwe la rangi ya majani ni lazima liwe na shaba ndani. Mwalimu akatuuliza habari ya zumaridi, tukanyamaza wote, hata wale wenye kuinua mkono kila siku. Kumbe rangi ya zumaridi haitoki kwa shaba hata kidogo. Kwa kawaida inatoka kwa metali ingine kabisa, jina lake kromu. Mtu mwenye alituonyesha jambo hilo alikuwa mtoto wa maskini. Tukaona ni vizuri tuandike maisha yake katika gazeti letu, kusudi ninyi wengine mpate kumjua.

1. UTOTO WAKE

Louis-Nicolas Vauquelin alizaliwa tarehe 16 ya mwezi wa tano, mwaka 1763, katika kijiji cha Saint-André-d'Hébertot, mu Normandie, inchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba, na yeye vilevile alilima pamoja nao. Lakini shuleni pale kijijini alikuwa anashika mambo upesi.

Alipokuwa na miaka kama 14 akaenda mu mji wa Rouen kutafuta kazi. Muuza dawa mmoja akamwandika awe mtumishi wa labo: kuosha chupa, kuwasha moto, kufagia. Yule bwana alikuwa anafundisha vijana wengine shimi. Vauquelin alikuwa anasikiliza huku anafanya kazi, na usiku anaandika yale aliyoyashika. Inasimuliwa kwamba siku moja bwana wake aliona daftari ile, akaipasua na kumkataza asiandike tena. Mtumishi ni mtumishi, ndivyo alivyozani. Kijana akahama, akaenda Paris, feza mfukoni karibu hakuna.

Paris nayo haikumpokea vizuri. Alifanya kazi mu maduka ya dawa, akagonjwa, akalazwa hospitali. Alipotoka alikuwa zaifu, bila kazi, bila mahali pa kulala. Muuza dawa mwingine, jina lake Chéradame, akamhurumia na kumpokea. Ndani ya nyumba hiyo alijifunza Kilatini na habari za mimea. Na kwa bahati njema Chéradame alikuwa na ndugu wa ukoo mwenye sifa kubwa, mwalimu wa shimi Antoine-François Fourcroy. Huyu akamchukua katika labo yake karibu mwaka 1783, na Vauquelin akakaa naye hata 1791. Alipogonjwa tena, dada wawili za Fourcroy ndio waliomuuguza. Mshike neno hilo la dada wawili, sababu tutalirudilia.

Kwanza kazi zake zilitoka kwa jina la Fourcroy tu. Baadaye zikatoka kwa majina yao mawili. Tangu 1790 akaanza kuandika kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 1791 akaingia Akademia ya Sayansi. Yule mwosha chupa sasa anakaa pamoja na wakubwa.

2. JIWE JEKUNDU LA INCHI YA WARUSI

Karibu na mji wa Ekaterinburg, katika milima ya Ural, kulikuwa na mgodi wa zahabu wa Beryozovsk. Ndani yake walipata jiwe jekundu lenye kukaribia rangi ya machungwa, zito, la kung'aa. Wataalamu walilijua tangu miaka ya 1760. Likisagwa linatoa unga wa rangi nzuri, na wachoraji wa Ulaya walilitafuta sana. Lakini ndani yake mlikuwa na nini? Kwamba mna risasi, wote walikubali. Kuhusu kile kingine, kila mtu alikuwa na jibu lake.

Mwaka 1789, Vauquelin na mwenzake Macquart walilichunguza. Wakatangaza kwamba ni risasi, chuma na alumina pamoja na oksijeni. Tunasema wazi: walikosea. Kitu kipya kilikuwa pale mbele ya macho yao, mu chupa yao wenyewe, na hawakukiona.

Kisha ikafika miaka ya Mapinduzi na ya damu. Lavoisier, baba wa shimi ya kisasa, alikatwa kichwa mwaka 1794. Vauquelin aliacha Paris kwa muda, na aliporudi akapewa kazi ya mkaguzi wa migodi na ya kufundisha kwenye shule ya migodi. Hapo akawa na mawe mengi tena mikononi mwake, na lile jiwe jekundu halikuwa limetoka mu roho yake. Mwaka 1797 akalianza upya, peke yake, kama vile hajapata kuandika neno juu yake.

Angalieni ginsi alivyofanya. Alilisaga, akalichemsha pamoja na potasi, ndugu ya ile chumvi ya majivu ambayo mama zetu wanaijua. Risasi ikabaki chini kama unga mweupe, na maji yakawa ya manjano. Ndani ya yale maji ya manjano mlikuwa na kitu asichokijua. Alipotia chumvi ya zebaki, ukashuka unga mwekundu. Alipotia chumvi ya risasi, ukashuka unga wa manjano. Alipotia chumvi ya bati pamoja na asidi, maji yakageuka rangi ya majani. Hakuna metali yoyote iliyojulikana wakati ule yenye kufanya mambo hayo yote. Basi ni metali mpya!

Lakini kusema ni kitu kingine, na kuonyesha ni kingine. Akatoa ile oksidi, akaichanganya na unga wa makaa, akaitia ndani ya chungu kidogo chenye kuvumilia moto mkali, akachochea. Chungu kilipopoa, akakuta ndani sindano za metali ya kijivu, ngumu, yenye kuvunjika kwa urahisi. Fourcroy na padri Haüy, fundi wa mambo ya kristali, wakapendekeza jina kutoka neno la Kigriki lenye maana ya rangi. Hivyo ikaitwa kromu. Tuseme haki vilevile: Klaproth wa Berlin, karibu wakati uleule, aliiona naye kwa njia yake mwenyewe.

3. ZUMARIDI NA ZABARAJADI

Wale wenye kusoma sura ya 21 ya Ufunuo wanakumbuka misingi ya mji: wa nne ni zumaridi, wa nane ni zabarajadi. Tangu zamani watu walizihesabu kuwa mawe mawili. Haüy lakini, akipima pembe za kristali zao, aliona kwamba umbo ni moja: nguzo ya pande sita. Wataalamu wa shimi walikuwa wanatoa hesabu tofauti kwa kila jiwe. Nani anasema kweli, umbo ao shimi? Haüy akamwomba Vauquelin ahukumu.

Vauquelin akachunguza yote mawili na kukuta ndani yao udongo mmoja usiojulikana, ambao wengine wote, na yeye mwenyewe hapo kwanza, waliuzania kuwa alumina. Huo udongo haukutoa alumu kama alumina inavyotoa, na chumvi zake zilikuwa tamu mdomoni. Akautangaza mwezi wa pili wa 1798. Ni oksidi ya metali ambayo leo tunaiita berili. Metali yenyewe ilipatikana mwaka 1828 tu, kwa mkono wa Wöhler mu Ujerumani na wa Bussy mu Ufaransa. (Tahazari, ninyi wa darasa la kwanza: berili ni sumu. Watu wa zamani walionja, sisi hatuonji kitu chochote mu labo!)

Basi zumaridi na zabarajadi ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni nini? Ndani ya zumaridi Vauquelin alikuta kromu kidogo. Hiyo kidogo ndiyo inaipa rangi ya majani yenye watu wanailipia feza nyingi. Tena jambo la ajabu: kromu hiyohiyo, ikiingia ndani ya jiwe la rubi, inatoa wekundu. Rangi haitoki kwa metali peke yake. Inategemea pia nyumba ambamo metali inakaa.

4. MGENI NA MWENYE NYUMBA

Tulipofika hapa, mabishano yalianza kati yetu. Wengine walisema zumaridi iwekwe kati ya mawe ya kromu. Wengine walikataa. Njia ya kumaliza shauri ni hii.

Zumaridi ni silikati, maana yake jiwe lililojengwa kwa silisi na oksijeni, kila silisi ikizungukwa na oksijeni nne. Ndani ya zumaridi vile vikundi vinashikana sita-sita kama pete. Pamoja navyo kuna berili na alumini. Kromu inachukua nafasi chache tu za alumini. Ni mgeni. Ukiiondoa, nyumba inabaki nyumba, inapoteza rangi tu. Kwa hiyo zumaridi inabaki katika jamaa ya berili.

Lakini kuna silikati ingine ambamo kromu si mgeni, ni mwenye nyumba. Vauquelin hakuiona, sababu ilielezwa mwaka 1832, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Mtaalamu Germain Henri Hess aliipata katika mawe ya milima ileile ya Ural, akaiita uvaroviti, kwa heshima ya Sergei Uvarov, mkubwa wa Akademia ya St. Petersburg. Hesabu yake ni Ca3Cr2(SiO4)3: kalsi tatu, kromu mbili, na vikundi vitatu vya silisi ambavyo kila kimoja kinakaa peke yake bila kushikana na mwenzake. Ni ya jamaa ya grenati. Ukiiondoa kromu yote na kutia alumini, si uvaroviti tena, ni grenati ingine yenye jina lingine, grosulari. Ndiyo sababu uvaroviti ni ya rangi ya majani siku zote, na zabarajadi inaweza kuwa nyeupe, ya manjano ao ya samawi.

Uvaroviti ni ngumu, inakwaruza kioo. Uzito wake ni karibu mara 3,8 ya maji. Lakini kristali zake ni ndogo sana, mara nyingi hazifiki milimetri mbili, zimejipanga juu ya jiwe jeusi la kromiti kama sukari ya rangi ya majani. Kubwa zaidi zilitoka Outokumpu, inchi ya Finland. Na kwa nini ni adimu? Kwa sababu kromu na kalsi hazipendi kukutana: mawe yenye kromu nyingi kwa kawaida yana kalsi kidogo. Inafaa maji ya moto yapite mu nyufa za mwamba na kuzikutanisha.

5. SHUKRANI NA MWISHO WAKE

Heshima zilimfikia Vauquelin. Mwaka 1803 akawa mkubwa wa shule ya wauza dawa ya Paris. Fourcroy alipokufa mwaka 1809, akapewa kiti chake cha kufundisha shimi kwenye masomo ya uganga. Hakuoa. Lakini wale dada wawili za Fourcroy, wenye walimuuguza wakati hakuwa na kitu, aliwapa mahali nyumbani mwake na kuwatunza hata uzee wao.

Alikumbuka vilevile njaa ya wanafunzi. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja kutoka kijiji, Louis-Jacques Thénard, alikuja kumwomba kazi ya labo bila feza ya kulipa. Vauquelin alikuwa karibu kukataa, nafasi hakuna. Wanawake wa nyumba ndio waliomtetea: huyu kijana atatuangalilia sufuria ya mchuzi isimwagike motoni. Akapokelewa kwa ajili ya sufuria, na baadaye akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa Ufaransa.

Mwaka 1822 serikali ya mfalme ilifunga masomo ya uganga ya Paris kwa sababu ya fujo ya wanafunzi. Yalipofunguliwa mwaka 1823, jina la Vauquelin halikuwamo tena. Mzee wa miaka karibu 60 akanyanganywa kiti bila kosa la kazi. Aliendelea na kazi yake mahali pengine, na watu wa Calvados, kwao, wakamchagua kuwa mjumbe wao mu bunge. Akarudi Saint-André-d'Hébertot, na hapo akafa tarehe 14 ya mwezi wa kumi na moja, 1829, mahali alipozaliwa. Kuna jiwe lenye kubeba jina lake, vokelini, lililopewa jina na Berzelius mwaka 1818. Lina risasi, shaba na kromu, na linatoka Beryozovsk, pale palipotoka lile jiwe jekundu.

Ndugu wanafunzi, kati yetu kuna wenye kufukuzwa darasani sababu ya minervale, na kuna wenye kuficha kazi yao mwalimu akiitia wino mwekundu. Kwa wa kwanza: daftari inaweza kupasuliwa, lakini kile umeshika kichwani hakipasuki. Kwa wa pili: kama Vauquelin angeona haya ya kosa lake la 1789, hangelirudilia jiwe lile mwaka 1797, na jina la kromu lingekuwa la Berlin tu. Na wewe mwenye una nafasi leo, ukimwona mdogo wako amesimama mlangoni mwa labo bila feza, mkumbuke Thénard. Labda anaweza kuangalia sufuria.

Sisi wanafunzi wa seksio ya Bio-Shimi