Forssmann: Daktari aliyepenyeza mrija hadi ndani ya moyo wake mwenyewe

KWA muda mrefu moyo wa binadamu aliye hai ulikuwa eneo ambalo madaktari hawakuthubutu kuligusa. Hata mwanzoni mwa karne ya 20, daktari aliyetaka kumwokoa mgonjwa ambaye moyo wake ulikuwa ukizimika alilazimika kumchoma sindano ndefu kifuani, bila kuona inakoelekea, ili kuifikisha dawa moyoni. Wakati mwingine ncha ya sindano ilichana mshipa unaoulisha moyo wenyewe, damu ikavuja ndani ya utando unaouzunguka, na tiba ikageuka kuwa chanzo cha kifo.

Kijana aliyeamini kuwa ipo njia salama zaidi, na akawa tayari kuithibitisha kwa mwili wake, ni Werner Forssmann. Alizaliwa Agosti 29, 1904 jijini Berlin, Ujerumani. Baba yake, mwanasheria, aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1916. Forssmann alianza kusomea udaktari mwaka 1922 katika Chuo Kikuu cha Berlin, na baada ya kuhitimu alikwenda kujifunza upasuaji katika hospitali ya Eberswalde, mji mdogo ulioko kaskazini mashariki mwa Berlin.

Wazo lake lilitokana na mchoro aliouona kitabuni. Ulionyesha jinsi wanasayansi wa Kifaransa, Chauveau na Marey, walivyoingiza mrija katika mshipa wa shingo ya farasi katika karne ya 19, wakaufikisha moyoni. Farasi hakufa. Forssmann akaona kuwa kwa binadamu njia ingeweza kuanzia kwenye mshipa wa kiwiko, mahali ambapo sindano huchomwa kila siku hospitalini, kwa kuwa damu ya mshipa huo hurudi moja kwa moja moyoni.

Mkuu wake wa kazi, Dk Richard Schneider, alikataa katakata. Alikuwa rafiki wa familia, na hakuwa tayari kumpelekea mama mjane taarifa ya kifo cha mwanawe. Mwaka 1929, Forssmann akaamua kufanya jaribio hilo kwa siri.

Mara ya kwanza alisaidiwa na daktari mwenzake, ambaye alimtoboa mshipa kwa sindano nene na kuanza kuingiza mrija mwembamba, wa aina iliyotumika kwa wagonjwa wa njia ya mkojo. Ulipofika sentimita 35 mwenzake aliingiwa na hofu, akasitisha, ingawa Forssmann hakusikia maumivu yoyote.

Wiki moja baadaye alirudia, safari hii bila daktari mwenzake. Kwa masimulizi aliyoyaacha, muuguzi Gerda Ditzen, ambaye vifaa vya upasuaji vilikuwa chini ya ulinzi wake, alikubali kuvitoa kwa sharti kwamba jaribio lifanywe juu yake. Forssmann akamlaza mezani, akamfunga mikono na miguu, akampaka dawa ya kuua vijidudu kana kwamba anajiandaa kumpasua. Kumbe alikuwa amejichoma ganzi kwenye kiwiko chake cha kushoto. Akachana ngozi, akaufungua mshipa na kuusukuma mrija ndani. Muuguzi alipotambua kuwa amedanganywa, kazi ilikwisha kufanyika.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Kuingiza mrija peke yake kusingethibitisha chochote. Forssmann, mrija ukining'inia mkononi, alitembea na kupitia ngazi hadi idara ya eksirei. Akasimama nyuma ya skrini inayong'aa pale mionzi inapoipiga, na muuguzi akamshikia kioo cha kujitazamia mbele yake. Katika mng'ao huo aliuona mstari mweusi wa mrija ukipita begani na kushuka kifuani, akausukuma zaidi hadi ncha ikaingia chumba cha juu cha moyo upande wa kulia. Kisha akaagiza picha ipigwe.

Thamani ya picha hiyo ilionekana mapema. Makala yake ilipochapishwa Novemba 1929, daktari mmoja wa Berlin, Ernst Unger, alilalamika kwamba yeye na wenzake, akiwamo Fritz Bleichröder, walikwisha kuingiza mirija kwenye mishipa ya binadamu na kuandika habari zake mwaka 1912. Huenda ni kweli. Bleichröder alisikia kichomi kifuani na wakahisi kuwa mrija umefika moyoni. Lakini walihisi tu. Hawakupiga eksirei, na hisia haikuweza kushindana na picha.

Ushahidi huo haukumletea Forssmann heshima. Alipohamia hospitali ya Charité, Berlin, chini ya bingwa wa upasuaji Ferdinand Sauerbruch, hakudumu. Kitendo chake kilionekana kuwa kiini macho kisichostahili daktari. Aliendelea kujaribu, hata kwa kujidunga mwenyewe dawa ya kuonyesha moyo kwenye eksirei, lakini mwishowe alikata tamaa na kugeukia magonjwa ya njia ya mkojo.

Maisha yake yana doa pia, na haifai kulifunika. Mwaka 1932 alijiunga na chama cha Nazi. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi la Ujerumani, akatekwa na Wamarekani, na baada ya vita alizuiwa kwa muda kufanya kazi yake. Aliwahi kukata magogo kabla ya kufanya udaktari vijijini pamoja na mkewe, Elsbet, aliyekuwa daktari pia. Kuanzia mwaka 1950 alifanya kazi katika mji wa Bad Kreuznach.

Wakati huo wengine walikuwa wameichukua kazi yake na kuifikisha mbali. Katika Hospitali ya Bellevue, New York, André Cournand na Dickinson Richards walikuwa wakitumia mrija huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 kupima shinikizo na oksijeni ndani ya moyo. Leo mirija kama hiyo, ikiongozwa na eksirei, huzibua mishipa ya moyo katika hospitali nyingi duniani, ikiwamo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam.

Oktoba 1956 ilitangazwa kuwa watatu hao, Cournand, Richards na Forssmann, wangegawana Tuzo ya Nobel ya Tiba. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu siku ile ya Eberswalde. Alipopewa nafasi ya kuongoza taasisi ya utafiti wa moyo nchini mwake, aliikataa, akijua kuwa fani hiyo ilikuwa imemwacha nyuma. Mwaka 1958 alikwenda kuongoza idara ya upasuaji katika hospitali moja ya Düsseldorf.

Forssmann alifariki dunia Juni 1, 1979 huko Schopfheim, kusini magharibi mwa Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 74, kwa ugonjwa wa moyo. Hospitali ya Eberswalde sasa inaitwa kwa jina lake.