Lotte Reiniger, bingwa wa vivuli

Katika filamu za katuni, kumgeuza mhusika kichwa huonekana jambo dogo, kumbe ni miongoni mwa magumu. Mchoraji huchora uso wa upande, wa mbele, kisha wa upande wa pili, na baina yake picha nyingi zinazotofautiana kidogo mno. Lotte Reiniger hakuwa na nafasi hiyo. Wahusika wake walikuwa vivuli, na kivuli kikimwelekea mtazamaji, pua na midomo hutoweka, likabaki duara jeusi.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 2 Juni 1899, na tangu utotoni alikuwa hodari wa kukata karatasi kwa mkasi. Mwaka 1918 mwigizaji Paul Wegener alimpa kazi katika filamu yake ya mpiga filimbi wa Hameln. Panya hai walikataa kuongozwa. Mahali pao wakawekwa panya wa mbao, wakisogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine.

Mwaka 1923 Louis Hagen, mwenye benki aliyekuwa amenunua filamu mbichi ili kuinusuru mali yake na mfumuko wa bei, alimwezesha kuanza kazi ndefu katika chumba kilichokuwa juu ya gereji huko Potsdam. Lotte, mumewe Carl Koch na wasaidizi wachache walihangaika kwa miaka mitatu. Kila sanamu ilikatwa katika karatasi ngumu nyeusi na madini membamba ya risasi, viungo vikashikizwa kwa waya, ikalazwa juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini, kamera ikining'inia juu.

Kichwa kilipotakiwa kugeuka, hapakuwa na njia ila kukipindua kipande, au kukibadilisha na kingine, kati ya picha mbili. Shingo ikikosewa pembe, mhusika huonekana kama aliyevunjika. Basi Lotte alihamishia hisia zote shingoni, mabegani na vidoleni. Mtu asiye na macho wala mdomo akaweza kuona haya, kuogopa na kupenda.

Filamu hiyo, Matukio ya Mwanamfalme Ahmed, ilionyeshwa Berlin mwaka 1926, miaka 11 kabla ya Snow White ya Walt Disney. Ndiyo filamu ndefu ya vikaragosi iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia. Chimbuko lake ni Alfu Lela Ulela, ambayo wakazi wa pwani yetu hawahitaji kusimuliwa. Farasi arukaye humchukua Ahmed hadi Wakwak, nchi ambayo al-Masudi aliitaja pamoja na Sofala, kwenye ukomo wa nchi ya Wazanji.

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Lotte na Koch, waliokuwa wa mrengo wa kushoto, walitaka kuhama. Hakuna nchi iliyowapa kibali cha kudumu. Kwa miaka kadhaa walihama kutoka nchi moja hadi nyingine, wakiondoka kila viza ilipokwisha, na humo njiani wakaendelea kutengeneza filamu. Wakati wa vita Lotte alirudi Berlin kumuuguza mama yake, jiji likiwa chini ya mabomu. Baada ya vita walihamia London.

Alifariki Dettenhausen, Ujerumani, tarehe 19 Juni 1981, akiwa na umri wa miaka 82. Nakala asilia ya Ahmed ilikuwa imepotea katika maangamizi ya Berlin mwaka 1945. Inayotazamwa leo ilifufuliwa kutokana na nakala iliyohifadhiwa Uingereza.