Volta na gesi ya kinamasi

Katika taaluma ya isimu kuna jambo ambalo hunivutia mno, nalo ni jina la mtu kugeuka kuwa nomino ya kawaida. Mwenyewe hufa, jina likabaki, na baada ya vizazi kadhaa wazungumzaji hulitumia bila kujua kwamba liliwahi kuwa na mtu. Wanafunzi wetu husoma volti kwenye betri za redio na kwenye balbu. Nimewauliza wengi Volta alikuwa nani, na aghalabu hujibu kwamba ndiye aliyebuni betri. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, linaiacha nje nusu ya mtu huyo, na kwa maoni yangu nusu hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi leo.

Alessandro Volta alizaliwa tarehe 18 Februari 1745 mjini Como, kaskazini mwa Italia, katika eneo lililotawaliwa na Austria wakati huo. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba alichelewa kusema hadi akakaribia miaka minne, hata jamaa zake wakahofia kuwa akili yake ilikuwa na kasoro. (Mzazi mwenye mtoto mzito wa kusema na apate faraja hapo.) Baadaye aliwapita wenzake: alijifunza Kilatini na Kifaransa, akatunga shairi refu la Kilatini kuhusu uvumbuzi wa kisayansi wa zama zake. Wajesuti waliomsomesha walitamani awe mmoja wao, nao jamaa zake wakataka awe mwanasheria. Yeye alipendelea umeme. Hakusomea chuo kikuu, lakini mnamo mwaka wa 1774 aliingia katika kazi ya ualimu mjini Como.

Mwaka wa 1776 rafiki yake, padri Carlo Giuseppe Campi, alimpa habari za chemchemi iliyotoa hewa inayoshika moto. Volta akaanza kuitafuta hewa kama hiyo. Mwanzoni mwa Novemba, akiwa ndani ya mashua karibu na Angera kwenye Ziwa Maggiore, alichokoa tope kwa fimbo mahali palipoota matete. Viputo vikaibuka kwa wingi. Akavinasa katika chupa iliyojaa maji na kuinamishwa mdomo chini, kisha akaiwasha gesi ile. Iliungua polepole, kwa mwali wa samawati.

Asidhani msomaji kwamba huo ulikuwa mchezo wa ufukweni. Wanasayansi walikwisha kuijua hewa moja iwakayo, ile tuiitayo leo hidrojeni, iliyopatikana kwa kutia asidi kwenye metali. Volta alizilinganisha hewa hizo mbili, akaona kwamba hii ya kinamasi ilihitaji hewa ya kawaida nyingi zaidi ili iungue sawasawa. Akachokoa mitaro na vidimbwi vingine, akakata shauri kwamba chanzo chake ni mimea na wanyama waliooza majini. Matokeo hayo aliyatoa mwaka wa 1777 kama barua kwa Campi. Aliunda pia bastola iliyofyatuliwa kwa cheche ya umeme ndani ya hewa iwakayo, akapendekeza waya utandazwe kutoka Como hadi Milano ili cheche ya huku ifyatue bastola ya kule iwe ishara.

Ni nani hasa aliyeigeuza mimea iliyooza kuwa gesi? Zama za Volta hazikuwa na njia ya kulijibu swali hilo. Leo twajua kwamba oksijeni huisha upesi sana katika tope lililofunikwa na maji. Hapo bakteria huvunjavunja mabaki ya mimea hadi yakawa hidrojeni, kaboni dioksidi na asidi ya siki. Kisha vijidudu vingine huvitwaa vitu hivyo na kutoa methani. Watengenezaji hao walihesabiwa kuwa bakteria hadi mwaka wa 1977, Carl Woese na George Fox walipoonyesha kwamba ni ukoo wa mbali kabisa, ambao sasa huitwa arkea, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ukale.

Wako pia walaji. Mwaka wa 1906 Söhngen, nchini Uholanzi, alieleza bakteria wanaoishi kwa kula methani. Hukaa mpakani, pale oksijeni itokayo juu inapokutana na gesi itokayo chini, na katika maziwa mengi hula sehemu kubwa ya gesi hiyo kabla haijafika hewani. Katika udongo mkavu wako jamaa zao wanaoinyonya methani kutoka angani. Lakini kiputo kikubwa hupanda kwa kasi, kikawapita walaji. Volta, basi, alinasa chupani sehemu ile iliyoponyoka.

Tangu siku zake, methani angani imezidi maradufu: kutoka takriban sehemu 0.7 katika kila milioni hadi zaidi ya 1.9. Tope linapopata joto watengenezaji huongeza kasi, nayo methani huongeza joto. Ndiyo sababu wakulima wa mpunga, wakiwemo wa Mwea, hushauriwa kuyatoa maji shambani kwa vipindi ili oksijeni ipenye. Anayetaka kukausha vinamasi vyote kwa hoja hiyo akumbuke kwamba tope likikauka, kaboni iliyolala humo karne nyingi huoza na kutoka kama kaboni dioksidi. Kwa upande wa manufaa, Ziwa Kivu lina takriban mita bilioni 60 za ujazo za methani, nyingi ikiwa kazi ya arkea, na Rwanda huivuta kutoka kilindini kuzalisha umeme.

Miaka iliyofuata ya Volta inajulikana zaidi. Alifundisha Pavia kwa takriban miaka 40, akabishana na Galvani kuhusu miguu ya vyura, akatangaza betri yake mwaka wa 1800, akamwonyesha Napoleon mwaka uliofuata, na mwaka wa 1810 akafanywa mwungwana mwenye cheo. Alifariki karibu na Como tarehe 5 Machi 1827. Mwaka wa 1881 mkutano wa kimataifa mjini Paris uliidhinisha volti kuwa kipimo. Gesi yake ilipewa jina linalotokana na maneno mawili ya Kiyunani, la mvinyo na la mti. La Volta halimo.